Kompyuta Itii Kiswahili Chetu, Isiishie Kukiandika

Ingia stesheneri yoyote ya Dar es Salaam, iwe Mwenge, Manzese au Mbagala Rangi Tatu, simama kando ya kaunta usikilize. Mteja kasimama nyuma ya kiti cha binti anayechapa, ameshika karatasi aliyoiandika kwa mkono, na maneno yanamtoka mfululizo: "Shuka chini. Andika yah, weka nukta mbili. Koleza hiyo. Ruka mstari. Hapana, rudi juu, futa hilo neno la mwisho. Sasa peleka katikati. Haya, toa kopi mbili." Binti haulizi maana ya neno hata moja. Vidole vyake vinafuata sauti, na baada ya dakika chache barua inatoka kwenye printa.

Wengi wanadhani kuiamuru kompyuta kwa sauti ni jambo geni, la filamu za ng'ambo. Sisi tunalifanya kila siku, ila tunalipitishia kwa binti wa watu. Lugha ya amri tunayo na imekomaa. Haikutungwa na kamati; imetungwa na wateja na wachapaji kwa miaka mingi ya kuelewana kwenye vyumba vidogo vyenye feni moja. Ndiyo maana nashikilia kwamba programu ya kutambua sauti inayoandika Kiswahili, lakini haimruhusu mtumiaji kutunga amri zake mwenyewe kwa Kiswahili, bado haijatuhudumia. Tuidai haki hiyo ya kutunga amri, na tuidai sasa, wakati mifumo hii ndiyo kwanza inaingia maofisini na majumbani mwetu.

Imla tunayo, amri hatuna

Hatua zimepigwa, na haki yake isemwe. Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili, pamoja na Kiamhari, katika lugha ambazo simu inaweza kuziandika kwa kusikia sauti. Mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa Mozilla ulianza kukusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili: mtu wa kujitolea anasoma sentensi, wengine wanaisikiliza na kuithibitisha, kisha mkusanyiko wote unatolewa bure kwa yeyote anayetaka kuutumia. Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ikatoa Whisper, programu iliyofundishwa kwa saa 680,000 za sauti za lugha mbalimbali. Katika saa zote hizo, sauti ya Kiswahili iliyoambatana na maandishi yake ya Kiswahili haikufika hata saa 10. Hapo ndipo utaona uzito wa kazi ya wale wa kujitolea. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini yote hayo ni imla. Unasema, mashine inaandika. Mtu akimaliza kusema anarudi palepale: anashika kipanya, anatafuta pa kubofya, anachagua maandishi, anabonyeza. Jaribu mwenyewe kwa simu hapo ulipo. Washa kipaza sauti cha kibodi, uchague Kiswahili, useme "koleza". Simu itaandika neno koleza. Sema "futa aya nzima", nayo itakuandikia futa aya nzima, vizuri kabisa, bila kukosea herufi. Imekusikia, haikukutii.

Wenzetu wanaozungumza Kiingereza walishavuka hapo. James na Janet Baker walianzisha kampuni ya Dragon Systems nchini Marekani mwaka 1982, na mwaka 1997 wakatoa Dragon NaturallySpeaking, iliyomwezesha mtu kusema mfululizo bila kukata neno moja moja. Apple iliweka Voice Control kwenye simu na kompyuta zake mwaka 2019. Windows 11 ina Voice Access. Zote hizi zinampa mtu uwezo wa kuendesha kompyuta nzima kwa mdomo, na zote zinamruhusu kuongeza amri za kwake mwenyewe. Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha zao. Lugha inayoadhimishwa na UNESCO kila tarehe 7 Julai, lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, haiwezi kuiambia kompyuta ifunge dirisha.

Barua ya utambulisho kwa maneno matatu

Je, amri ya kujitungia inamsaidia nani? Chukua ofisi ya mtendaji wa kata. Kila siku wanafika watu wanaotaka barua ya utambulisho: huyu anafungua akaunti benki, yule anakwenda kumdhamini ndugu yake polisi, mwingine kapata kazi ya ulinzi. Barua ni ileile. Juu kuna anwani na tarehe, kuna Kumb. Na., kuna "YAH: UTAMBULISHO WA NDUGU", na chini yake ile sentensi ambayo kila Mtanzania aliyewahi kushika barua ya serikali ameikariri: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kinachobadilika ni jina, mtaa na sababu.

Karani anaichapa upya, au anafungua ya jana na kufuta jina la jana. Akichoka, jina la jana linabaki katika aya ya pili. Mwenye barua anafika benki na kurudishwa. Nauli ya kwenda na kurudi imeliwa, siku imekwisha, na mama mwenye genge hakufungua genge lake siku hiyo. Kosa la kunakili na kubandika linalipwa na kaya ya mtu.

Sasa fikiria karani anasema "barua ya utambulisho", ukurasa mzima unajipanga, na kishale kinakwenda kusimama penye jina. Akijaza jina anasema "nafasi inayofuata", kishale kinaruka hadi penye mtaa. Akimaliza anasema "hifadhi na uprinti". Jina likiingizwa mara moja linajiweka kila linapotakiwa. Hakuna la ajabu hapo. Toleo la Dragon la wataalamu limekuwa likifanya mengi ya hayo kwa miaka mingi. Unaipa amri jina, kisha unachagua aina: iingize maandishi yaliyo tayari, au irekodi mibofyo yako ya kipanya na kibodi halafu iirudie, au ifuate hatua ulizozipanga moja baada ya nyingine. Wanaojua kuandika msimbo wana uwanja wao mpana zaidi. Kwenye Voice Control ya Apple unaandika kauli yako, unachagua tendo, kisha unaamua kama amri ifanye kazi kila mahali au katika programu moja tu. Talon, programu inayopendwa na wahandisi walioumia mikono, inatumia faili la maandishi ya kawaida: kushoto kwa nukta mbili unaandika utakachosema, kulia unaandika kitakachotendeka.

Mwaka 2013, kwenye mkutano wa PyCon huko Marekani, mtengenezaji programu Tavis Rudd alisimama jukwaani akaandika msimbo wa kompyuta kwa mdomo. Mikono yake ilikuwa imeshaharibika kwa kuchapa. Akajitungia msamiati wake wa vijineno vifupi ambavyo msikilizaji hakuelewa kitu, ila kompyuta yake ilivielewa vyote. Hakusubiri kampuni imtungie. Alipewa nafasi ya kutunga, akatunga kilichomfaa yeye, akarudi kazini. Ni wachapaji wangapi wa kwetu wamekwishapata maumivu ya viganja, wakaambiwa wapumzike, na wakapumzika bila mshahara?

Wapo Waswahili waliotafuta njia ya mzunguko. Dragon inaruhusu neno liwe na umbo la kuandikwa na umbo la kutamkwa, kila moja peke yake. Kwa hiyo mtu anaandika "shuka chini", halafu katika umbo la kutamkwa anapanga vipande vya maneno ya Kiingereza vinavyokaribiana na sauti hiyo. Inafanya kazi kwa kubahatisha. Bei yake ni kwamba lazima uitamke lugha ya mama yako kwa mdomo wa kigeni ndipo mashine ikuelewe. Mimi naiona hiyo ni dhuluma ndogo ndogo inayorudiwa mara nyingi kwa siku, na haifai kuzoeleka.

Funga na fungua

Kutunga amri nako ni ufundi, na kwa Kiswahili una miiko yake ambayo mhandisi wa California hawezi kuijua. Angalia funga na fungua. Matendo yanapingana kabisa, sauti zinapishana kwa silabi moja. Kinachotuokoa sisi ni mkazo: katika funga umekaa kwenye "fu", katika fungua umehamia kwenye "ngu". Sikio la Mswahili linaukamata mhamo huo bila kufikiri. Mashine iliyosikia Kiswahili kwa saa chache, katika ofisi ambayo bodaboda zinapita chini ya dirisha, itachanganya. Vivyo hivyo tuma na tumia, futa na fuata. Anayejua atatunga "fungua faili" upande mmoja na "hifadhi utoke" upande wa pili, maneno yasiyofanana hata kwa mbali, na kazi yake itakuwa salama.

Kuna mwiko mwingine. Amri isiwe kauli ambayo huenda ukaihitaji katika maandishi yenyewe. Ukiifanya "mstari mpya" kuwa amri, siku utakapoandika habari ya mstari mpya wa umeme sentensi yako itakatika katikati. Ndiyo maana wazoefu hutanguliza neno la kuita, kisha hunyamaza kidogo kabla na baada ya amri. Na yale matendo yasiyorudishika, kama kufuta, kutuma barua au kutoa fedha, yasitendeke kwa kauli moja; mashine iulize kwanza, isubiri jibu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Hapa ndipo naona hoja yenye nguvu kuliko zote. Amri zilizokuja zimeandaliwa kiwandani zinamdhania msemaji mmoja. Kiswahili hakina msemaji mmoja. Yupo mtu wa Mwanza au wa Murang'a ambaye l na r kwake zinabadilishana nafasi, akisema kura unasikia kula. Yupo wa Lubumbashi, yupo wa Bujumbura, yupo wa Unguja Mjini, yupo aliyezaliwa Muscat akakikuta Kiswahili nyumbani kwa bibi yake. Mwache kila mmoja atunge kwa mdomo wake. Mwenye shida ya l na r atachagua maneno yasiyo na herufi hizo, na tatizo limekwisha bila kusubiri mtaalamu.

Na yupo aliyepigwa na kiharusi. Ulimi umekuwa mzito, maneno marefu hayatoki. Mkewe anamwelewa, wanawe wanamwelewa, kwa sababu wamezoea vile vipande vya sauti vilivyobaki. Kompyuta nayo inaweza kuzoea. Mwaka 2019 Google ilianzisha Project Euphonia kwa ajili ya watu wenye matamshi yasiyo ya kawaida. Mwaka 2024 Apple ikatangaza Vocal Shortcuts: unaitamka kauli yako mara 3, simu inaihifadhi, na kuanzia hapo ikiisikia inatenda ulilolipanga. Zingatia hiyo namba. Mara 3 za sauti ya mtu mwenyewe. Kuandika imla ya lugha nzima kunahitaji maelfu ya saa za sauti na fedha nyingi. Kutambua amri ishirini za mtu mmoja hakuhitaji utajiri huo. Kwa hiyo anayetuambia tusubiri hadi Kiswahili kipate data ya kutosha anachanganya mambo mawili. Kwa imla, sawa, tuendelee kuchangia sauti. Kwa amri hakuna cha kusubiri.

Shida ni kwamba uwezo huo umekaa kwenye simu ambazo wengi wetu hatuna. Mama wa Ifakara ana Tecno au itel. Kwenye simu hizo ndiko kazi inakotakiwa ifanyike.

Namba ya siri ya bibi

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, fedha za familia zimehamia kwenye simu. Bibi mwenye mtoto wa jicho haoni menyu. Anamwita mjukuu: "Hebu niangalizie salio." Mjukuu anaijua namba ya siri. Rafiki wa mjukuu anaijua. Muuza duka naye anaijua, kwa sababu siku ile mjukuu alikuwa shule. Kisha fedha zikipungua nyumba nzima inaingia katika ugomvi, na mtoto asiye na kosa anabeba jina la mwizi. Mangapi ya namna hii yamefika kwa mjumbe wa nyumba kumi?

Bibi huyu akiwa na amri zake chache, "salio langu", "mtumie fundi", "nisomee meseji", zikamjibu kwa sauti, heshima yake inarudi mikononi mwake. Ziwe ni amri alizozitunga yeye, kwa majina anayoyatumia yeye. Yeye hamwiti mwanawe kwa jina lililo kwenye laini ya simu. Anamwita Baba Asha, na amri iwe hivyo. Namba ya siri isitamkwe kamwe, chumba kina masikio. Hapo kidole kiwekwe kwenye skrini kithibitishe. Sauti ichague, kidole kiidhinishe.

Hatari zipo na sizifichi. Mwaka 2017 tangazo la televisheni la Burger King nchini Marekani liliamsha vifaa vya Google sebuleni mwa watu, kwa sababu mtangazaji alitamka neno la kuviita. Vilitii sauti ya mtu asiye wa nyumba hiyo. Kwetu, ambako redio inaimba tangu alfajiri na jirani yuko upande wa pili wa ukuta wa matofali ya inchi tano, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Neno la kuita linalofanana kwa dunia nzima ni mlango ulio wazi. Neno ulilolitunga mwenyewe na kulifundisha kwa sauti yako halijulikani na mtangazaji yeyote, hivyo amri ya kujitungia inapunguza hatari hiyo pia.

Swali la sauti yako inapelekwa wapi ni la lazima. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina ya kwake tangu 2019. Sauti ya mtu ni taarifa binafsi. Amri ishirini zinaweza kusikilizwa ndani ya simu yenyewe bila bando na bila kuvuka bahari, na mfumo unaodai lazima upeleke kila neno la sebuleni kwenye mtambo wa mbali ili tu kujua umesema "washa taa" unapaswa kukataliwa.

Sharti liandikwe kwenye zabuni

Maneno ya kompyuta ya Kiswahili hayakosekani. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili kitupu. Wanafunzi na walimu wao walikaa wakatafuta neno kwa kila kitufe. Kazi ile iliishia kwenye macho. Vijana wa leo waifikishe kwenye masikio. Whisper ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya mtu binafsi. Kijana anayejua msimbo anahitaji kuisikilizisha sauti, kupata maandishi, kuyalinganisha na orodha ya amri za mtumiaji, kisha kuiambia kompyuta itende. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotafuta mada za miradi. Hii ni mada, tena yenye wateja wanaosubiri.

Serikali nayo isijitoe. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mfumo wa akili unde wa kunukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri, baada ya miaka mingi ya mahakimu kuandika kila neno la shahidi kwa mkono huku shahidi akiambiwa asubiri. Ni hatua kubwa, na naiunga mkono kwa moyo wote. Basi hakimu apewe pia uwezo wa kusema "shahidi wa pili wa mashtaka" na fomu ya ushahidi ikafunguka, au "ahirisha shauri" na amri ya kuahirisha ikajiandika kwa maneno ya kisheria, pakabaki tarehe tu. Maneno hayo ayatunge yeye na karani wake, kwa sababu wao ndio wanaojua yapi yanarudiwa chumbani humo.

Mifumo ya aina hii itanunuliwa sana miaka ijayo: hospitali, halmashauri, benki, vyuo. Kila ununuzi una zabuni, na kila zabuni ina masharti. Nawaomba wanaoandika masharti hayo, Dodoma, Nairobi, Kampala na Kigali, waongeze sharti moja: mtumiaji wa kawaida aweze kutunga, kubadilisha na kufuta amri zake za sauti kwa Kiswahili, bila kumwita fundi na bila kulipia upya. Muuzaji asiyeweza asipewe kazi. Nawe msomaji, siku utakapoletewa mfumo mpya ofisini, kabla ya kusaini kwamba umeupokea, muulize aliyeuleta akuonyeshe pale unapoandika amri yako ya kwanza.